MPIMENI MUUGUZI KWA MIKONO YAKE



Dereva wa trekta hapewi leseni kwa kuandika karatasi juu ya gia na breki. Huketishwa juu ya trekta, mpimaji akasimama kando, akaambiwa: haya, endesha. Sisi wa Njoro twalijua jambo hili tangu utoto, maana ngano ya sehemu hizi imelimwa na kuvunwa kwa mikono yetu. Mtu aweza kusema maneno mengi mazuri juu ya kombaini, lakini siku ya mavuno maneno hayakati ngano.

Leo nataka kuleta shauri moja ambalo huenda wengine wenu mtaliona liko mbali na mishahara na nyumba za kambi. Nauliza hivi: yule muuguzi atakayekuangalia siku ile umelala hujijui, ni nani aliyempima mikono yake, na alimpima kwa jambo gani?

Nitaanza na niliyoyaona kwa macho yangu.

Mwenzetu mmoja, dereva, trekta ilimpindukia mteremkoni. Jina lake naliacha kwa kuwa ana watoto shuleni, na hospitali siitaji. Mbavu zilivunjika. Akalazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, akatiwa mpira kooni, mashine ikapumua kwa niaba yake. Siku ya nne mpira ukatolewa, nasi tukafurahi.

Kitanda cha pili alilala kijana aliyepiga kelele usiku kucha. Aliona nyoka ukutani, akavuta mipira, akataka kushuka kitandani aende zake. Mwishowe akafungwa mikono kwa bandeji. Wodi nzima ilimtazama yeye. Mwenzetu alikuwa kimya. Ukimwita, anafungua macho, anakutazama kama mtu anayetazama ukuta, kisha anayafunga. Bibi yake akasema, "Mungu ashukuriwe, mzee ametulia." Nami nikasema vivyo hivyo. Hata mhudumu aliyepita na ndoo alisema huyu ndiye mgonjwa mzuri, hasumbui mtu.

Basi akaja msichana mmoja, mwanafunzi wa uuguzi wa magonjwa ya akili. Alikuwa ameitwa kwa ajili ya yule mpiga kelele. Alipomaliza, akapita karibu na mwenzetu, akasimama. Akamshika mkono, akasema, "Baba, nitasema herufi moja moja. Ukisikia A, nibane mkono." Akasema herufi kumi polepole. Mwenzetu alibana mara moja tu, tena mahali si pake, kisha macho yakafumba. Akamwamsha, akamwuliza, "Baba, jiwe laweza kuelea majini?" Mzee akatikisa kichwa kusema ndiyo.

Msichana hakucheka. Alikwenda mbio kwa sista mkuu wa zamu. Daktari akaja, akapima, akakuta hewa imepungua katika damu na nimonia imeingia mapafuni. Wakaanza dawa usiku uleule. Daktari alituambia wazi kwamba kungoja hata asubuhi kungekuwa hatari kubwa. Mgonjwa wetu mzuri alikuwa anazama mbele ya macho yetu, nasi tunamsifu kwa utulivu wake.

Baadaye nilimwuliza msichana yule alijifunza wapi kazi hii. Akasema muuguzi mmoja mzee alimwonyesha usiku mmoja zamuni. Nikamwuliza kama aliwahi kuulizwa jambo hilo katika mtihani. Akanijibu, "Mzee, mimi nilipimwa namna ya kumtuliza mgonjwa anayepiga kelele. Aliye kimya hakuna aliyeniuliza habari zake."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

UGONJWA HUU NI NINI

Madaktari wauita deliriamu. Katika Kiswahili chetu twasema mtu anaweweseka, au anapayapaya. Lakini neno kuweweseka latufanya tufikiri kelele tu, na hapo ndipo twakosea. Ugonjwa huu una sura tatu. Yuko anayepiga kelele na kupigana. Yuko aliyenyamaza, amelegea, hana habari na dunia. Na yuko anayegeuka, mchana kimya, usiku vita. Katika wodi za wagonjwa mahututi, wa kelele tupu ni wachache. Walio wengi ni wale wa kimya na wale wanaogeuka, na wa kimya ndio wanaopitwa bila kuonekana.

Huu si wazimu. Maradhi ya akili kwa kawaida huchukua majuma au miezi kujionyesha. Deliriamu huja kwa saa chache au siku chache, tena hupanda na kushuka katika siku moja, na mara nyingi usiku ndio mbaya zaidi. Alama yake kubwa ni kwamba mtu hawezi kushika jambo moja akilini. Asili yake ni mwili: homa, nimonia, usaha katika damu, upungufu wa hewa au wa sukari, figo kushindwa, maumivu, kukosa usingizi, na dawa nyingine tunazopewa ili tulale. Ubongo wapiga kengele kwamba mahali fulani mwilini pana moto. Anayesema "huyu amerukwa na akili, mpelekeni wodi ya vichaa" amezima kengele na kuuacha moto uwake.

Wala sisemi kwamba ugonjwa wa akili ni aibu. Ni ugonjwa kama mwingine na wataka uganga wake. Nasema kwamba kumpa mtu jina la ugonjwa asio nao kwaweza kumwua.

Tena sisi Wakenya tunayo sababu ya kuangalia sana majina haya. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910 kuwa nyumba ya wenda wazimu. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia tangu 1938 hata 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya la Dunia mwaka 1953. Katika kitabu hicho alimfananisha Mwafrika mzima, mwenye afya, na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Huyo alikuwa mtu mwenye cheo na elimu nyingi. Alitazama watu kwa miaka mingi, lakini kutazama si kupima.

HESABU YAKE

Wengine watasema hili ni jambo la wagonjwa wachache. Haya, tuhesabu.

Nchini Uganda, madaktari waliwachunguza wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, wakatoa habari zao mwaka 2015. Kama nusu yao walipatwa na deliriamu. Huko Marekani, mjini Nashville, Daktari E. Wesley Ely na wenzake walifuata wagonjwa 275 wa mashine, wakatoa habari mwaka 2004. Miongoni mwa waliopatwa na deliriamu, 34 katika kila 100 walikuwa wamekufa kabla ya miezi 6 kwisha. Miongoni mwa wasiopatwa nayo walikufa 15 katika kila 100.

Na anayepona je? Watu wa Nashville walitoa habari nyingine mwaka 2013. Wagonjwa waliotoka katika wodi za mahututi walipimwa akili baada ya miezi 3. Kama 40 katika kila 100 walikuwa na kumbukumbu na fikira kama za mtu aliyeumizwa kichwa, tena si kidogo. Na kadiri deliriamu ilivyokaa siku nyingi, ndivyo hali ilivyozidi kuwa mbaya.

Ndugu zangu, hapo sasa tumefika katika mambo ya kazi. Mwenzetu aliporudi nyumbani alikuwa akisahau. Alikuwa akisimama katikati ya chumba asijue amefuata nini. Habari zikamfikia tajiri wake kwamba alipatwa na wazimu hospitalini, naye akasema hatampa mashine mwenda wazimu. Ilitupasa kwenda na barua ya daktari, tukaeleza kwamba ulikuwa ugonjwa wa mwili uliogusa kichwa, kwamba wapungua kwa muda, na kwamba mtu huyu ataka kazi nyepesi kwanza. Tukakubaliana. Leo yuko juu ya trekta yake. Lakini ni wangapi waliorudi hivyo na hawakuwa na mtu wa kwenda na barua?

KWA NINI NI SHAURI LA SISI WA MASHAMBA

Wako wanaofikiri kwamba wodi ya mahututi ni ya wazee na matajiri. Tazameni wenyewe. Barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret yapita karibu nasi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilishika moto pale Sachangwan, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, karibu na Salgaa, basi na lori viligongana, watu 36 wakafa. Walioungua na waliovunjika vibaya ndio hasa wanaopatwa na deliriamu wodini.

Tena yako mambo mawili ya kwetu ambayo muuguzi lazima ayajue.

La kwanza ni dawa za shambani. Mtu aliyevuta au kumeza dawa fulani za kuua wadudu hutibiwa kwa sindano za atropini. Dawa hii yaokoa maisha. Lakini ikizidi, yenyewe yamfanya mgonjwa aweweseke, mdomo ukauke, ngozi iwe moto, aanze kuokota vitu hewani. Muuguzi asiyejua atafikiri sumu imezidi, au mtu amerukwa na akili. Anayejua atamwita daktari aangalie kipimo cha dawa.

La pili ni pombe, na tusifichane. Mtu aliyezoea chang'aa kila siku akivunjika mguu, akalazwa, pombe yakatika ghafla. Siku ya pili, ya tatu au ya nne aanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wadudu. Watu husema ni mlevi, mwacheni. Kumbe huo ni ugonjwa wa hatari uwezao kuua, nao una dawa zake, pamoja na vitamini B1. Na hapa ndipo pana ujuzi: dawa za jamii ya diazepamu ndizo zinazomwokoa mgonjwa huyu wa pombe, lakini kwa wagonjwa wengine wa mahututi dawa hizohizo mara nyingi huongeza deliriamu. Wagonjwa wawili wanatetemeka na kupayuka katika vitanda viwili, na dawa imfaayo mmoja yaweza kumdhuru mwenzake. Ni nani atakayetambua saa nane za usiku, daktari akiwa mbali? Ni muuguzi. Basi twarudi kwenye swali letu: alipimwa kwa jambo gani?

DAWA YAKE NI MIKONO

Wengi wetu tungependa kuambiwa iko sindano moja ya kumaliza mambo. Ndugu, haiko. Madaktari wa Marekani walijaribu dawa mbili, mojawapo ikiwa haloperidoli inayotumika sana, kwa wagonjwa mahututi 566 waliokuwa na deliriamu. Majibu yalitolewa mwaka 2018: dawa hizo hazikufupisha deliriamu hata kidogo kuliko maji ya chumvi yasiyo na dawa. Zaweza kusaidia kidogo mgonjwa anapotaka kujidhuru, lakini siyo tiba.

Tiba ni kutafuta moto uko wapi mwilini na kuuzima. Pamoja na hiyo ni kazi ndogo ndogo za mikono. Kumwambia mgonjwa leo ni siku gani na yuko wapi. Kumpa miwani yake. Kumpa maji. Kupunguza taa na kelele usiku ili alale. Kumketisha, kumsimamisha, kumtembeza mapema. Kutoa mipira isiyo na kazi. Kutomfunga kamba ila pale pasipo njia nyingine. Kumwita ndugu yake akae karibu aseme naye. Mwaka 1999 Daktari Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba kazi za namna hii kwa wazee waliolazwa katika wodi za kawaida zilishusha deliriamu kutoka 15 katika kila 100 hadi kama 10.

Kukaa kwa ndugu siyo maneno ya huruma tu. Ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya mwezi Machi 2020, milango ya wodi ilifungwa. Wagonjwa walilala peke yao kati ya watu waliofunikwa nyuso. Uchunguzi wa nchi 14, wagonjwa zaidi ya 2,000, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao walipatwa na deliriamu, na kwamba waliotembelewa na jamaa, hata kwa simu ya picha, walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Kama tiba ni mikono, basi lazima mikono ipimwe. Shauri langu lote limo katika maneno hayo.

MTIHANI GANI?

Kipimo alichotumia msichana yule kilitengenezwa Nashville mwaka 2001 kwa wagonjwa mahututi, hata wale wasioweza kusema kwa sababu ya mpira. Hatua zake ni nne. Kwanza, je, akili ya mgonjwa imebadilika ghafla, au yapanda na kushuka? Pili, herufi kumi, nne kati yake ni A. Akikosa zaidi ya mara 2, hawezi kushika jambo. Tatu, je, yuko macho sawasawa, au amelegea, au amechachamaa? Nne, maswali mepesi: jiwe laelea? baharini mna samaki? kilo moja ni nzito kuliko mbili? nyundo yaweza kupigia msumari? Ya kwanza na ya pili zikiwapo, pamoja na ya tatu au ya nne, huyo anayo deliriamu. Kazi yote ni ya dakika moja au mbili.

Si elimu ngumu. Lakini kuna njia nyingi za kuiharibu, na hizo hazionekani katika karatasi. Mwanafunzi aweza kusema herufi haraka mno. Aweza kuinua sauti akifika A, akampa mgonjwa jibu. Aweza kumpima mgonjwa aliyelala fofofo kwa dawa, badala ya kungoja aamke kidogo. Na kubwa kuliko yote, aweza kumwuliza kwa Kiingereza mama aliyetoka Mau Narok ambaye maisha yake yote amesema Kikalenjin au Kikuyu, kisha akaandika kwamba akili yake haiko sawa. Huo utakuwa ni ule ule upimaji wa Carothers, ila sasa tumeufanya wenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi lazima aonwe akifanya. Njia ipo, si mpya. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake katika mji wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa vituo. Kila mwanafunzi apita kituo baada ya kituo, kila kituo dakika chache na kazi moja ya kufanya, na wapimaji wana orodha moja iliyokubaliwa mbele. Kabla ya hapo mwanafunzi alipimwa kwa bahati: mgonjwa gani amemwangukia, na mpimaji ameamka vipi. Na huko nyuma, mwaka 1963, Howard Barrows wa Los Angeles alikwisha kuonyesha kwamba mtu mzima aweza kufundishwa kuigiza mgonjwa, ili kila mwanafunzi akutane na ugonjwa uleule.

Naam, mtihani wa vituo una upungufu wake. Mwanafunzi aweza kukariri orodha kama kasuku, akaitimiza yote bila kumtazama mgonjwa usoni. Kwa hiyo kituo kimoja hakitoshi. Apimwe pia kando ya kitanda cha kweli, siku mbalimbali, mchana na usiku, na muuguzi mzoefu aliyepewa wakati wa kufanya hivyo.

WATAKAOPINGA

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema: hawa ni wanafunzi wa magonjwa ya akili, wana kazi gani katika wodi ya mahututi? Jibu ni kwamba mgonjwa yeyote akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ndio wanaoitwa. Wakikosea, mtu mwenye nimonia atapelekwa kwenye wodi ya akili akafie huko. Anayesimama mlangoni kati ya ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa akili ndiye anayepaswa kujua zaidi kutofautisha.

Wa pili atasema: wauguzi ni wachache, msiwaongezee mzigo. Neno hili nalipokea kwa heshima. Wauguzi wa hospitali za serikali waligoma mwaka 2017, tangu Juni hadi Novemba, na wengi wetu tuliumia, lakini malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Kipimo ni cha dakika mbili, lakini kumketisha mgonjwa, kumtembeza na kusema naye ni kazi ya saa nyingi. Mtu mmoja mwenye vitanda vingi hawezi. Matokeo yake ni nini? Ni kwamba mgonjwa hufungwa kamba au hupewa sindano ya usingizi kwa sababu hakuna mikono. Kwa hiyo hatudai ujuzi bila kudai watu. Atakayepeleka kwa serikali ya kaunti shauri la kuwapima wauguzi bila shauri la kuwaongeza, huyo hakunisoma vizuri.

Wa tatu ni wewe memba mwenzangu, utakayesema: tuanze na mshahara. Mshahara wako huo, tangu Oktoba 2024, wakatwa 2.75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima mpya ya afya ya jamii. Fedha hiyo ni yako. Anayelipa ana haki ya kuuliza ananunua nini.

TUDAI NINI

Kwa hiyo natoa mashauri haya tuyazungumze katika mkutano wa tawi.

1. Chama kiandikie Baraza la Wauguzi la Kenya na vyuo vinavyofundisha wauguzi hapa kwetu, pamoja na Chuo Kikuu cha Egerton kilicho hapahapa Njoro na chuo cha mafunzo ya utabibu kilicho Nakuru. Tuombe kwamba mwanafunzi yeyote wa uuguzi wa magonjwa ya akili asimalize bila kuonwa akimpima mgonjwa wa deliriamu, na mgonjwa huyo awe yule wa kimya.

2. Kipimo kifanywe kwa lugha ya mgonjwa. Hapa sisi wenyewe tuna la kutoa. Vyuo vyahitaji watu wa kuigiza wagonjwa. Katika tawi letu tuna wasemaji wa Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin, Kiluhya na Kiturkana. Tujitolee. Mtu aliyeweza kujifanya haelewi mbele ya nyapara hatashindwa kujifanya haelewi mbele ya mwanafunzi.

3. Wauguzi wazoefu wanaofundisha wanafunzi wodini wapunguziwe vitanda siku hizo, na wahesabiwe kazi hiyo kuwa kazi.

4. Ndugu mmoja wa mgonjwa aruhusiwe kukaa karibu katika saa zinazofaa, naye afundishwe la kufanya.

5. Katika mapatano yetu na matajiri liwekwe neno juu ya mtu aliyetoka wodi ya mahututi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mgonjwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Hizo ni chini ya haja ya mtu ambaye kichwa chake kitachukua miezi kutulia. Tudai zaidi, na tudai arudi kwa kazi nyepesi kwanza, wala asifukuzwe kwa neno "wazimu" lisilo na barua ya daktari.

LA KUFANYA KABLA YA HAYO

Mashauri huchukua muda, na leo usiku yuko mtu wetu kitandani. Basi ukienda kumwona ndugu yako, usitosheke kwa sababu ametulia. Mwite kwa jina lake. Mwambie wewe ni nani, na leo ni siku gani. Mpe miwani yake. Mwambie akubane mkono, kisha mwambie auachie. Mwulize jambo ambalo jana alilijua. Ukiona jana alikuwa sawa na leo si yeye, usiende nyumbani ukalala. Mwambie muuguzi maneno haya: "Huyu amebadilika tangu jana." Wewe ndiwe unayemjua, na muuguzi mzuri atakushukuru. Tena mwambie kweli juu ya pombe na juu ya dawa za shambani, bila haya, maana kuficha ndiko kunakoua.

Nami nakiri kosa langu. Nilisimama kando ya kitanda cha rafiki yangu nikasema ametulia. Sikujua. Aliyejua alikuwa msichana mmoja aliyefundishwa kwa bahati usiku mmoja. Sitaki maisha ya mfanyakazi wa Njoro yategemee bahati. Siku ya kujaribiwa dereva twatoka sote kutazama kama atapita. Tutoke na siku ya kujaribiwa muuguzi.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi memba mwenzenu,
MFANYAKAZI WA NJORO